Gasketi ya Shaba

Ilikaa miaka thelathini na mmoja nyuma ya nyumba yetu, Kamalondo,
imeegemea ukuta kama mlevi aliyesahauliwa na wenzake.
Kuku walitaga kwenye tandiko.
Mama alianika vitambaa vya jikoni kwenye usukani.
Hakuna aliyeiita pikipiki. Tuliiita Muitalia,
kwa sababu ya yule mkandarasi aliyemwachia Baba Guzzi yake
badala ya malipo ya ukuta aliomjengea Jumapili kumi na tisa,
akasema anafika Ndola mara moja kununua saruji.
Saruji hiyo bado iko njiani.

Nilianza Agosti, vumbi jekundu likitangulia sahani mezani.
Nati ya kwanza ilinila siku tatu:
mafuta ya taa, subira, tusi, mafuta ya taa.
Nati ya pili ilivunjika.
Ndani ya bomba la moshi nikakuta kiota cha panya,
karatasi za mshahara zilizotafunwa,
na kwenye kipande kimoja, nusu ya jina la Baba:
Mwilam

Yeye alikaa juu ya kreti ya bia, mikono mapajani,
haulizi, haelekezi.
Miaka ishirini na sita tanuruni,
kisha barua, bahasha, sahihi. Kuondoka kwa hiari.
Tangu hapo neno hiari halitamkwi nyumbani kwetu,
hata kanisani tunalirukia.

Vipuri? Usicheke.
Sindano ya kabureta ni ya pikipiki ya Kihindi,
nimeisugua kwa msasa mpaka ikakubali.
Spoki zimetoka sokoni Kenya (Kenya yetu hii, si nchi),
taa ya nyuma imetoka kwenye basi lililofia njia ya Kasenga,
na tandiko nimelishona kwa ngozi ya kochi la daktari wa meno,
cherehani ya Mama ikivunja sindano nne.
Tangi, kitabu kilitaka jekundu.
Mimi nimelipaka kijani cha malakiti,
rangi ya shaba kabla haijaguswa na mtu.
Jirani yetu Fideli akachungulia juu ya ua:
“Dada, Muitalia wako sasa ni wa hapa. Anakula chochote.”

Ikabaki gasketi ya kichwa cha silinda.
Nilikata moja kwa bati la kopo la maziwa;
ikapasuka kabla injini haijakohoa mara mbili.
Ndipo Baba akainuka.
Nikasikia kitanda kikiburutwa chumbani.
Akarudi na kitu bapa kilichofungwa gazetini,
gazeti la manjano, lenye rais mwingine.
Sikuuliza kilipitaje getini.

“Chuma,” akasema,
kwa sauti ya mlango uliovimba kwa mvua,
“ukikichoma ukakitosa majini, kinakuwa kigumu, kinapata kiburi.
Shaba sivyo. Shaba ichome mpaka iive, itose,
itatoka laini kuliko ilivyoingia.”

Umeme ulikuwa umekatika tangu saa kumi,
ikawa heri: rangi ya shaba huonekana vizuri gizani.
Mama akaondoa maharage kwenye mbabula bila kunung’unika.
Baba akashika koleo.
“Bado,” akasema. “Bado.” Uso wake ulikuwa mwekundu upande mmoja.
“Sasa.”
Ndoo ikapiga kelele fupi.

Kiki ya kumi na nne, ikaitika.
Si mlio wa hizi za leo zinazolia kama mbu;
huyu hupiga, hunyamaza kidogo, kana kwamba anafikiri, hupiga tena,
na gurudumu zito la ubavuni linazunguka peupe kama sinia.
Watoto wa mtaa wakaja mbio.
Baba hakugusa usukani.
Alipeleka mgongo wa mkono pale kichwa kinapokutana na silinda,
akauzungusha polepole, akitafuta pumzi inayotoroka.

“Haivuji.”

Akarudi kwenye kreti yake.

Gia ya tatu bado inaruka.
Na kuku mmoja, yule mweupe,
kila asubuhi hulizunguka tangi la kijani,
hunitazama, hajui ataga wapi.